Ulimwengu Unaofunza Ni Nani?

Mgeni rasmi alisimama mbele ya watoto wa darasa la baada ya shule, katika mtaa mmoja wa Temeke, akawakazia macho, kisha akaanza: "Asiyefunzwa na mamaye..." Watoto wakaitikia kwa sauti moja, "Hufunzwa na ulimwenguuu!" Makofi yakapigwa. Saa hiyo mama zao wengi walikuwa soko la samaki la Feri wakipara na kukaanga samaki, au juani na beseni la karanga kichwani. Nyuma ya watoto walikuwa wamesimama vijana wa chuo walio kwenye mafunzo kwa vitendo, "fildi" kama wenyewe wanavyoita. Hakuna aliyewageukia.

Methali hii tumeifanya fimbo. Kijana akikamatwa kwa wizi, tunaiandika chini ya picha yake. Binti akibeba mimba shuleni, anatajiwa mama yake. Kwa matumizi hayo methali ina watu wawili tu, mtoto mkaidi na mama mzembe. Wa tatu, ambaye ndiye mwenye kazi katika nusu ya pili, tunamtaja kama tunavyotaja mvua au kiangazi, kitu kinachokuja chenyewe na kisichoulizwa. Ulimwengu gani huo usio na watu? Anayemfunza mtoto kucheza dubwi ni mwenye duka aliyeiweka mashine hiyo ya kamari kibarazani na kuzipokea sarafu za mtoto mwenye sare. Anayemfunza matusi ni sisi tunaotukanana akisikia.

Watabisha wazee, na wana haki ya kubisha. Watasema methali ni onyo, kwamba dunia haina huruma na mafunzo yake ni kipigo. Nakubali ni onyo. Ninachouliza ni kwa nini kipigo. Mama ana ukali wake, tena mkali kweli, kwa kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye. Kwa hiyo tofauti haiko kwenye ukali. Iko kwenye wakati na gharama. Mama hufunza kabla ya kosa, akarudia kesho na keshokutwa, wala hadai malipo. Ulimwengu hungoja ukosee kwanza, ukafunza mara moja, ukatoza ada kubwa: mguu, kifungo, pengine uhai. Basi wanaotofautishwa na methali hii ni walimu wa namna mbili, na damu haihusiki. Yuko mama mzazi anayengoja kosa ndipo apige. Huyo anafunza kiulimwengu. Na yuko mtu baki anayemfunza mtoto mapema, kwa kurudia, bila ujira. Huyo amekaa kwenye kiti cha mama.

Ndiyo maana nawataja wale vijana wa fildi. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, madarasa ya shule za serikali yalifurika, na katika shule nyingi za Dar es Salaam watoto husoma kwa zamu. Wa asubuhi hutoka mchana na ufunguo shingoni, mama harudi mpaka magharibi. Mwenye fedha humpeleka wake tuisheni. Wa asiye nazo ana saa tano au sita za kufunzwa na yeyote atakayemuwahi.

Katika darasa lile nilimwona binti wa chuo, umri wa dada tu, watoto wanampa "Shikamoo, ticha!" na yeye anaona haya kuitikia. Mvulana wa darasa la tatu alikuwa amefuta jibu kwa kidole chenye mate mpaka karatasi ikatoboka, akalifunika lile tundu kwa kiganja. Binti hakukigusa kiganja wala hakuuliza homuweki. Aliuliza, "Umekula?" Mtoto akatikisa kichwa. Ukaletwa uji, kisha wakaanza upya ukurasa wa pili, jedwali la saba, kwa vidole. Alipokosea saba mara nane, wakarudi saba mara moja. Kurudi huko mwanzo bila kufoka ndiko ninakokuita kufunza kimama.

Lakini nisiwapambe. Wapo waliokuja kwa ajili ya muhuri kwenye logibuku na picha ya kuweka status, mtoto wa watu kapakatwa kama zawadi. Siku fildi inapokwisha, wanapotea bila kwaheri. Hao nao wamefunza, maana mtoto hubaki na somo kwamba mtu mzima akikuchekea ujue anaondoka. Na wapo wazazi ambao wamewatupia vijana hawa ulezi mzima, hata jina la ticha hawalijui. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na kazi hiyo husaidiwa, haihamishwi.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imetamka kwamba yeyote katika jamii mwenye taarifa za mtoto anayekiukiwa haki ana wajibu wa kuripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Haikusema mama tu. Imesema yeyote, na yeyote ndiye ulimwengu wa methali yetu. Mwenyezi Mungu hatatuuliza tuliitamka kwa ufasaha kiasi gani. Atatuuliza mtoto wa jirani alijifunza nini kwetu alipopita mlangoni.

Kwa hiyo, mgeni rasmi, kabla hujaisema tena, taja jambo moja ulilomfunza mtoto usiyemzaa. Kama hulipati, nyamaza, uwapishe vijana waendelee. Nanyi mnaokwenda fildi mwaka huu, waambieni watoto siku ya kwanza kabisa kwamba mtaondoka na lini. Siku ya mwisho msiondoke kabla hamjamkabidhi kila mtoto kwa mtu wa mtaa ule ule, kwa jina lake, na somo alilofikia.