Nani Amesaga Humu?

Somo la juma: Mambo ya Walawi 14:33–48

Jumapili ya mavuno iliyopita tulipokea mahindi mengi, mengine yakiwa bado kwenye magunzi. Mnada ulipokwisha, yaliyobaki tukayaingiza stoo. Mwinjilisti alishika gunia upande mmoja, mimi upande wa pili, tukalirusha juu ya mengine na kufunga mlango. Hatukukagua hata moja. Nani atachambua sadaka mbele ya aliyeitoa?

Miezi mitatu baadaye mama mmoja, mzee wa kanisa, aliingia kuchota debe la wageni wa semina. Akatoka na kiganja kimejaa unga.

"Mchungaji, nani amesaga humu?"

Alikuwa dumuzi. Ni mdogo, milimita tatu hadi nne, wa kahawia iliyokolea, na ukimtazama kwa juu huoni kichwa, maana amekiinamisha chini ya kifua. Fukusi tuliyemzoea ana mdomo mrefu kama mrija na huacha tundu kwenye punje. Huyu huacha vumbi. Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati, na hapa nchini alitambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Inaaminika aliingia ndani ya mahindi yaliyotoka nje. Wakulima wakambandika jina la lori, Scania, nami naona linamfaa kwa namna mbili: anavyomaliza mzigo, na anavyosafiri. Ana mabawa, lakini safari zake ndefu amezifanya ndani ya magunia ya watu.

Tulitupa yaliyoharibika, tukafagia, tukaleta mengine safi. Nayo yakaliwa. Ndipo yule mama alipochukua kisu akachokoa nguzo ya stoo, na unga wa mti ukamwagika miguuni pake. Dumuzi hutoboa mbao pia. Tulipokuwa tukibadilisha mahindi, yeye alikuwa nguzoni akitusubiri.

Sasa someni Walawi. Waisraeli wanaahidiwa nyumba katika nchi ya Kanaani, nchi ya kupewa, na papo hapo wanafundishwa la kufanya ukutani kukitokea madoa. Mwenye nyumba anakwenda mwenyewe kwa kuhani kusema ameona kitu kinachofanana na pigo. Kabla kuhani hajaingia, vyombo vinatolewa nje, visije vikahesabiwa najisi pamoja na nyumba. Naupenda sana upole huo. Nyumba inafungwa siku saba. Doa likienea, mawe yenye ugonjwa yanang'olewa, kuta zinakwanguliwa, kifusi kinatupwa nje ya mji. Likirudi tena, nyumba inabomolewa. (Mstari wa 34, Mungu anaposema yeye ndiye atakayelitia pigo hilo, unanisumbua, na wiki hii sina la kuwaambia juu yake.)

Kwa hiyo kukagua ulichopewa si kukosa shukrani. Nilidhani ni utovu wa adabu, na stoo ikanifundisha.

Niseme jambo la karibu zaidi. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilikuja kwetu kama baraka, na ni baraka: wapo watoto waliokwenda sekondari kwa mikopo ile. Lakini ndani yake ulikuja mtindo wa kusoma kwa sauti, mbele ya watu wote, majina ya waliochelewesha rejesho. Mjane mmoja aliacha kuja kikundini, kisha akaacha kuja ibadani. Tulisikitika, tukabadilisha mweka hazina, tukambadilisha tena. Majina yaliendelea kusomwa, kwa sababu kanuni ile tuliiandika sisi wenyewe, nami sahihi yangu ipo pale chini.

Jumamosi hii saa mbili asubuhi tunatoa kila kitu stoo. Nguzo zilizotobolewa zitakuwa kuni siku hiyohiyo. Mahindi mazima tutayapukuchua, tutayapepeta na kuyaanika mpaka yakauke sawasawa, kisha yatatiwa dawa ya ghala au kufungwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Daftari la kanuni za kikundi nalo litaletwa.

Na mavuno yajayo, leteni mahindi yaliyopukuchuliwa. Yule mama atakaa mlangoni na ungo. Nimemwomba aanze na gunia la mchungaji.