Saa Zilizookolewa ni za Nani?

Nikijifunza mbinu inayoniokolea saa tatu kwa siku kwenye AutoCAD, saa hizo ni za nani? Zangu, kwa sababu vidole ni vyangu? Za mdosi, kwa sababu amenilipa mwezi mzima? Mtandaoni kuna video chungu nzima za kukufundisha kuchora haraka, na nyingine ni tamu kweli, lakini sijapata hata moja inayouliza swali hilo. Zinaishia kwenye kasi, kana kwamba kasi ndiyo mshahara.

Wacha niseme mapema kwamba mimi si adui wa kasi. Mtu anayesogeza kipanya hadi juu ya skrini kutafuta amri ya kunakili, ilhali angeandika CO tu akaendelea, ananiumiza roho. AutoCAD ina faili ndogo inayoitwa acad.pgp. Ndani yake kuna vifupisho vya amri, na unaweza kuviandika upya vyote vikae karibu na mkono wa kushoto, ule wa kulia usitoke kwenye kipanya. Kwa ArchiCAD kwenye Windows, shika Alt ubofye ukuta uliokwisha kuchora, programu inachukua sifa zake zote. Ongeza Ctrl, unazimimina kwenye ukuta mwingine. Kwa Revit, unda kiolezo kimoja cha mwonekano na michoro arobaini itavaa sare bila wewe kuigusa mmoja mmoja. Na ofisi inayoanza kila mradi kwa faili tupu, badala ya faili iliyo na matabaka tayari, unene wa mistari na fremu ya kila ukurasa, inajitesa bure. Wiki mbili za kujilazimisha zinatosha. Yakishaingia vidoleni, hayatoki.

Shida huanza baada ya wiki hizo mbili. Kuna jamaa tuliyekuwa tukiketi naye meza moja katika ofisi fulani hapa Nairobi. Alijifunza Dynamo, kile chombo cha Revit cha kutengenezea programu ndogondogo, akaunda moja ya kupanga milango na kuipa nambari. Kazi iliyokuwa ikila siku nzima ikawa ya dakika chache. Jamaa hakumwambia mtu. Michoro ya Ijumaa ikawa inaisha Jumatano mchana, halafu siku mbili zinazobaki anaketi mbele ya skrini akiikuza na kuipunguza ramani ileile, uso ameukunja kama mtu aliyelemewa. Siku nyingine alikuwa akichora nyumba ya mjombake ya Kitengela.

Je, ni mwizi?

Nilimuuliza, kwa utani nusu. Akasema, "Mimi niliuza kazi. Sikuuza vidole." Jibu zuri, lakini mkataba wake haukusema hivyo. Mkataba ulisema saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Na sheria haimsaidii sana. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mwajiri haki za kile ulichokitunga ukitekeleza ajira yako, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo hata kile kiprogramu cha milango huenda si chake. Ila sheria hiyo inajibu swali la kitu kilichotengenezwa. Swali la Alhamisi na Ijumaa haligusi.

Angalia pia pesa zinavyoingia. Kwa desturi, msanifu majengo hulipwa asilimia fulani ya gharama ya ujenzi. Jengo la shilingi milioni 100 linabaki la milioni 100, liwe limechorwa kwa miezi miwili au kwa wiki tatu. Ofisi ikichora haraka, faida ni ya ofisi. Mchoraji aliyeajiriwa mshahara wake ni uleule mwisho wa mwezi, na zawadi yake ya kumaliza mapema ni mradi mwingine kutupwa mezani. Hapo ndipo namwelewa jamaa. Ukimwongezea mtu mzigo kila anapoonyesha kwamba anaweza, atajifunza kuonekana hawezi, na atakuwa hodari wa hilo pia.

Jambo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1865, Mwingereza William Stanley Jevons aliandika kwamba injini za mvuke zilipoanza kula makaa ya mawe kidogo zaidi, Uingereza haikupunguza kuyachoma. Ilizidisha, maana sasa injini zililipa kuwekwa mahali pengi zaidi. Ofisini kwetu, makaa ni sisi. Enzi za wino, kusogeza ukuta mmoja kulimaanisha kuukwangua kwa wembe kwenye karatasi ya kuchorea na kuuchora upya, kwa hivyo mteja alifikiri kabla ya kuomba. Leo anajua ni dakika mbili, basi anatuma WhatsApp saa nne usiku: choo kihamie huku, balkoni irudi pale. Kesho yake choo kinarudi. John Maynard Keynes naye alitabiri mwaka 1930 kwamba baada ya miaka 100 watu wangefanya kazi saa 15 kwa wiki. Miaka 100 inatimia 2030. Tutaonana huko.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kesi hii ina watu wawili, mchoraji na mdosi. Kuna wa tatu, na hajaitwa kortini.

Chukua fleti za ghorofa saba, nyumba sita kwa kila ghorofa. Unachora ghorofa moja, unaifanya moduli, unaibandika mara saba. Kama dirisha la jikoni moja linatazama ukuta wa jirani, umezaa jikoni saba za giza kabla chai yako haijapoa. Watu watapika humo kwa miaka mingi, taa ikiwaka saa sita mchana, tokeni za stima zikiyeyuka. Ukitaka kuona ninachosema, pita Pipeline kule Embakasi, utazame jinsi majengo yanavyopumuliana usoni. Sisemi ni programu iliyofanya hivyo. Tamaa ya kubana vyumba kwenye ploti ni kongwe kuliko kompyuta. Programu imeifanya tu isichoshe mkono.

Wazee wa fani hii hupenda kusema kwamba kalamu iliwalazimisha kufikiri. Ukichora ngazi ileile mara ya nne kwa mkono, unaanza kuishuku. Nawaamini nusu. Majengo mabaya yalichorwa kwa wino na wembe pia, tena mengi, na bado tunaishi ndani yake. Lakini ile nusu ninayoiamini ni nzito: uchovu wa mkono uliacha nafasi ya shaka, na sisi tumeiondoa nafasi hiyo bila kuamua shaka ihamie wapi.

Mimi ningeihamishia kwenye zile saa zilizookolewa. Nairobi iko zaidi kidogo ya nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Katikati ya mwaka jua la mchana hupita upande wa kaskazini, mwezi wa Desemba hupita kusini, na mwaka mzima chumba cha kulala kinachotazama magharibi kinapigwa na jua la alasiri, usiku unalala kama mkate ndani ya oveni. Revit na ArchiCAD zote mbili zinaweza kukuonyesha kivuli cha jengo lako kikitembea saa baada ya saa, tarehe yoyote utakayo. Ni kazi fupi tu. Na nimeona mradi baada ya mradi ukitoka bila mtu kuifungua, kwa sababu haimo kwenye orodha ya michoro ya kuwasilisha kaunti. Vivyo hivyo kwenda kusimama kwenye ploti yenyewe, kuona jirani amejenga wapi, maji ya mvua yanaelekea wapi, mama mwenye mtoto mgongoni na mtungi wa gesi mkononi atazipanda vipi ngazi hizo mpaka ghorofa ya saba. Hakuna kifupisho cha kibodi cha hayo.

Kwa hiyo jamaa wangu simwiti mwizi wa mdosi. Mdosi alipata michoro yake, kwa wakati, safi. Kama kuna aliyenyimwa kitu zile Alhamisi, ni mpangaji wa ghorofa ya tatu ambaye hata hajazaliwa bado. Na mdosi aliyezijaza Alhamisi za wengine miradi mipya alimnyima vilevile, tena kwa risiti.

Siku hizi nafanya kazi za kujitegemea, na makataa nayapanga mwenyewe. Mteja akiniuliza nitachukua muda gani, namwambia siku tano. Tatu ni za kuchora, na angejua ninavyochora angeniambia ni mbili. Zinazobaki ni za jua, ngazi, na kusimama kwenye ploti. Nilimweleza jamaa mpango huu akacheka sana. "Sasa hizo siku mbili nani analipa?" Nikamwambia mteja. "Anajua?" Kwenye bei imeandikwa kazi ya usanifu, siku tano. "Nimekuuliza kama anajua."

Anasema tofauti yetu ni kwamba yeye alificha siku mbili akachorea mjomba, mimi nazificha nikichorea watu nisiowajua. Mimi nasema sijaficha, nimeuza. Tukishuka kununua smokie na kachumbari bado tunabishana, na muuzaji ameshatuzoea, anatukatia bila kuuliza.