Pori, Mutu na Mwenzake

Tarehe 24 mwezi wa 3, 2020, hali ya dharura ilitangazwa katika inchi yetu sababu ya korona. Masomo na makanisa vilikuwa vimefungwa, na matanga yakawa ya watu wachache. Hapa Koni wengi wetu tulishuka kando ya Lufira ama tukaenda mashambani. Je, kutafuta utulivu porini wakati jirani anabaki peke yake nyumbani ni ubinafsi? Tunasema hapana, kama unarudi kwake. Sauti ya maji na kazi ya jembe vinapunguza mawazo, usingizi unarudia. Lakini muti hauwezi kukuuliza umeamukaje. Basi, mwenye kutoka porini na uyoga asimame mbali kidogo na mlango wa mupweke, aite jina lake, amuachie fungu. Pasipo hivyo tumepona nusu tu.