Fungu la Waliobaki na Vyombo

(Somo: 1 Samweli 30:21–25)



Twasoma ya kuwa Daudi alipowafuatia Waamaleki alikuwa na watu 600. Walipofika kijito cha Besori, watu 200 walikuwa wamechoka mno, hawakuweza kuvuka. Wakabaki hapo penye vyombo. Wale 400 wakaenda, wakapigana, wakashinda. Waliporudi, wengine wao walinena kwa uchoyo, wakataka wale waliobaki wapewe wake zao na watoto wao tu, wala wasipate nyara. Lakini Daudi alikataa, akaamuru wote wagawane sawasawa. Na amri hiyo ikawa sheria katika Israeli.

Neno hili twaliona pia katika mpira wa kikapu, mchezo uliotungwa mwaka 1891 huko Springfield, Marekani, na James Naismith, mwalimu katika chuo cha Chama cha Vijana Wakristo. Siku hizi watu watano wa kila upande hucheza, na wenzao hukaa katika benchi. Asiyeujua mchezo hudhani kwamba hao hawana kazi. Sivyo. Mwenzao akichoka, humpumzisha. Akiumia, hushika mahali pake. Akitolewa kwa kuzidisha makosa, huingia wao. Tena siku za mazoezi ndio wanaosimama kama adui mbele ya wale watano, ili wapate nguvu. Mwenye kujenga timu akitafuta watu watano tu, timu yake itaanguka kabla mchezo haujaisha.

Twamkumbuka Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye kimo cha futi 7 na inchi 3, Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya Marekani. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili kati ya vijana wote, na timu ya Memphis. Watu walitazamia makuu. Lakini mara nyingi alikaa katika benchi, na mwaka 2010 akapelekwa kwa muda katika ligi ndogo. Hakuacha kazi. Katika msimu wa 2012 hadi 2013 alikuwa katika timu ya Oklahoma City, akicheza dakika chache tu. Na timu ile ilishinda michezo 60 kati ya 82. Ushindi huo ulihesabiwa kuwa wa timu nzima, wala si wa watano peke yao.

Basi, tujiulize habari za sharika zetu hapa Misungwi na pande zote za Ziwa. Yuko mwinjilisti afundishaye watoto mtaani mwaka mzima. Mchungaji akija kubatiza, huyo husimama nyuma. Yuko mama aliyechota maji ya kujengea kanisa. Siku ya kulifungua, wageni hushukuriwa, naye hatajwi. Na tukiri, ndugu: hapo sisi twanena kama wale wachoyo wa Besori. Ndiyo sababu wengine huvunjika moyo na kuiacha kazi.

Nawe uliyechoka kungoja, mwangalie Mathiya. Alifuatana na mitume tangu ubatizo wa Yohana, wala hakuhesabiwa pamoja na wale kumi na wawili. Yuda alipoanguka, alikuwa tayari. Na Yusufu Barsaba, ambaye kura haikumwangukia? Maandiko hayamtaji tena. Lakini hakupoteza lolote, maana Bwana aliyemfuata hakumwacha.

Mwisho, tusisahau ya kuwa Daudi hakuziita nyara mali yake. Alisema ni kipawa cha Bwana. Vivyo hivyo wokovu wetu. Vita ile kuu Kristo aliipigana peke yake msalabani, nasi sote, wachungaji na wainjilisti na wasikiaji, tulikuwa watu waliochoka kando ya kijito. Naye ametugawia sawasawa, si kwa ujira, bali kwa neema. Aliyepewa hivyo, amnyimeje ndugu yake heshima?

Bwana atuponye na uchoyo, awatie nguvu walioketi wakingoja. Amina.