Kuuza Maembe Yangali Maua

Ndugu zangu Waislamu, mwembe ni katika neema kubwa alizotujaalia Mwenyezi Mungu pwani yetu. Ngowe, boribo na dodo hulisha majumba yetu na kusomesha watoto wetu. Lakini wako wenye mashamba wauzao mavuno yao miti ingali katika maua, wakapokea fedha kwa kitu ambacho hakijakuwa.

Litazameni ua la mwembe. Kishada kimoja huwa na maua mamia, pengine maelfu. Ukaja ukungu au mvua, yakapukutika, yasisalie ila maembe machache, au lisisalie hata moja. Hapo muuzaji amekula mali ya nduguye kwa haki gani? Na miti ikizaa sana, yule aliyeuza kwa dhiki huyaona maembe yake yakipakiwa kwa thamani duni, naye hana la kusema. Ndiyo maana Mtume (S.A.W.) akakataza kuuza matunda mpaka kudhihirike kufaa kwake.

Wala dini haikutufungia mlango. Maembe mabichi ya achari yafaa kuuzwa kwa sharti la kuchumwa papo hapo. Asiyeweza kuhudumia miti yake, na ashirikiane na mwenziwe kwa sehemu ya mavuno, kama Mtume alivyowapa watu wa Khaibar kwa nusu. Na maulamaa wengi wameliruhusu hilo katika miti ya matunda. Na mwenye fedha, amkopeshe jirani yake bila ya riba, asiifanye dhiki yake kuwa ndiyo chumo.

Wabillahi taufiq.