Mtoto wa Kiyahudi Aendapo Shule

Kila asubuhi mtoto atokapo nyumbani kwenda shule hupewa maneno mawili matatu: angalia magari, usigombane na wenzako, mtii mwalimu. Ndiyo desturi ya wazazi duniani kote. Lakini huko Ufaransa, Uingereza na nchi nyingine za Ulaya wako akina baba na akina mama ambao huongeza neno jingine, nalo ni zito. Humwambia mtoto wa kiume avae kofia ya kawaida juu ya kile kikofia chake cha dini, watu wasikione ndani ya gari moshi. Humwambia binti auingize mkufu wake wenye nyota ya Daudi ndani ya kola, asiutoe nje mpaka amefika. Hao ni wazazi Wayahudi.

Tusidhani kwamba wanaogopa kivuli. Tarehe 19 Machi 2012, mjini Toulouse, Ufaransa, mtu mwenye silaha alifika kwa pikipiki mlangoni pa shule ya Wayahudi, asubuhi, watoto wakiingia. Alimwua mwalimu pamoja na wanawe wawili wadogo, kisha akamwua binti mdogo wa mkuu wa shule. Mwezi Januari 2015, baada ya Wayahudi wanne kuuawa dukani mjini Paris, serikali ya Ufaransa ilipeleka askari jeshi kulinda shule hizo. Uingereza nayo hutoa fedha za kuajiri walinzi milangoni. Tena watoto hufanyishwa mazoezi ya kujificha chini ya madawati na kunyamaza kimya, kama wenzao mahali pengine wafanyavyo mazoezi ya kukimbia moto.

Hamas walipoishambulia Israeli tarehe 7 Oktoba 2023, na vita vya Gaza vikafuata, hofu iliongezeka. Siku chache baadaye shule kadhaa za Wayahudi mjini London zilifungwa kwa siku moja. Yatupasa kuwalilia watoto waliokufa Israeli, na yatupasa kuwalilia watoto wa Gaza, waliokufa kwa maelfu. Asiyewalilia hao wote hana moyo wa Kikristu. Lakini mtoto asomaye darasa la pili mjini London hakutuma jeshi lo lote mahali po pote, na anayemtukana njiani kwa sababu ya vita hivyo hamsaidii mtoto hata mmoja wa Gaza.

Basi mzazi huyo aseme nini? Wengine wao huona heri mtoto afiche, mradi arudi nyumbani salama. Wengine hujibu kwamba mtoto aambiwaye kila siku ficha, ficha, mwisho atadhani kilichofichwa ni kitu cha aibu. Tena asipoambiwa lo lote, atapata habari zake kwa mara ya kwanza kinywani mwa mwenzake anayemtusi. Sisi tulio mbali hatuwezi kuwaamulia. Ila twaona kwamba watu hao wana msaada mmoja wa kale sana. Usiku wa Pasaka yao mtoto aliye mdogo kuliko wote huuliza mezani sababu ya usiku ule kuwa tofauti, na wakubwa hawana ruhusa ya kumwambia anyamaze. Hupaswa kumsimulia jinsi wazee wao walivyokuwa watumwa Misri, na jinsi Mungu alivyowatoa. Hivyo mtoto hulijua pendo la Mungu kwake kabla ya kuzijua chuki za watu.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mtakatifu Yosefu aliamka usiku, akamchukua Mtoto na Mama yake, akakimbilia Misri, kwa kuwa Herode alikusudia kumtafuta Mtoto apate kumwua. Naye alikuwa baba Myahudi, mwenye mke Myahudi na mtoto Myahudi.

Pengine wasomaji wetu hawajasikia habari za Padre Jacques, Mkarmeli Mfaransa, aliyekuwa mkuu wa shule ya Kikatoliki huko Avon, karibu na Fontainebleau. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliwapokea shuleni wavulana watatu Wayahudi akawapa majina mengine, wakasoma na kucheza pamoja na Wakatoliki. Tarehe 15 Januari 1944 polisi wa Wanazi walifika, wakawachukua wote wanne. Wavulana walipelekwa Auschwitz, wakafa huko. Padre alifungwa kambini, akafa Juni 1945, wiki chache tu baada ya kufunguliwa.

Padre huyo alitenda hayo miaka mingi kabla ya Kanisa kusema waziwazi. Ni mwaka 1959 ndipo Baba Mtakatifu Yohane XXIII alipoliondoa katika sala ya Ijumaa Kuu lile neno la kuwafedhehesha Wayahudi. Na tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba Mateso ya Bwana hayawezi kuhesabiwa kosa la Wayahudi wote waliokuwako siku zile, wala la Wayahudi wa leo. Twakiri kwa huzuni kwamba Wakristu wengi walikuwa wamefundisha kinyume chake kwa karne nyingi, na watoto wa Kiyahudi walipigwa njiani kwa ajili ya mafundisho hayo.

Je, nyumbani kwetu tumelipokea fundisho la Mtaguso? Ijumaa Kuu Injili ya Mateso husomwa, na neno Wayahudi hutajwa mara nyingi. Mtoto atauliza njiani mrudipo: “Mama, ni Wayahudi waliomwua Yesu?” Msimjibu ndiyo kwa haraka ili apate kunyamaza. Mwambieni kwamba Pilato Mrumi ndiye aliyetoa hukumu na askari wake ndio waliopigilia misumari. Kwamba dhambi zetu zilikuwapo pale. Kwamba Yesu mwenyewe, na Mama yake aliyesimama chini ya msalaba, na Yohane aliyekuwa karibu naye, wote walikuwa Wayahudi. Na kama ni mkubwa wa kutosha, mwambieni pia habari za yule msichana wa rika lake, wa taifa la Bikira Maria, aingizaye nyota yake ndani ya kola kabla ya kutoka mlangoni.