Lugha ya Nyumbani: Ni Deni la Nani?

Miongoni mwetu tulio Uingereza kuna jambo la kufurahisha na la kufikirisha. Vijana waliozaliwa au kukulia huku, ambao sasa ni watu wazima wenye kazi na watoto, wanarudi kukitafuta Kiswahili. Utotoni walikisikia jikoni na maarusini, wakajibu kwa Kiingereza. Leo wananunua kamusi, wanahangaika na ngeli na wanavumilia kuchekwa na mashangazi. Tujiulize: wanatafuta nini? Na je, kurudi huko ni wajibu au ni hiari?

Jibu tulilolizoea ni kuwa mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo inamfaa aliyeacha kwa kutaka. Mtoto wa miaka mitano hakuacha kitu. Wazazi waliotoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, au Barawa baada ya vita vya Somalia vya 1991, walichelea mwanao asibaki nyuma darasani. Wapo walioambiwa na walimu waseme Kiingereza hata nyumbani. Walichagua kwa mapenzi. Si haki kumdai mtoto deni asilolikopa, wala kumlaumu mzazi aliyekuwa akimtafutia njia.

Wengine husema tujifunze ili tuinusuru lugha. Kwa Wabarawa, ambao Chimini chao kina wasemaji wachache na waliotawanyika, hoja hiyo ina uzito: kila mtoto anahesabika. Lakini Kiswahili kwa jumla hakimo hatarini. UNESCO inakadiria wasemaji wake kuwa zaidi ya milioni 200, na mwaka 2021 ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Hakitakufa kwa sababu kijana mmoja wa London hakijui. Kiswahili hakituhitaji sisi; sisi ndio tunaokihitaji.

Tunakihitaji kwa ajili ya watu. Kiingereza kina neno moja kwa mjomba na kwa ami, ilhali kwetu kila mmoja ana nafasi yake na haki zake. Mjukuu anayemwamkia bibi yake kwa Kiingereza hakumvunjia heshima, ila amemnyima nafasi ya kuitikia "marahaba". Hayo yanaonekana madogo mpaka uzee unapobisha hodi. Wanaowauguza wazee wenye maradhi ya kusahau wanajua kwamba mara nyingi lugha iliyojifunzwa ukubwani hutangulia kupotea, ikabaki ile ya utotoni. Mama aliyefanya kazi huku miaka thelathini kwa Kiingereza safi anaweza siku moja kuomba maji kwa Kiswahili tu. Nani atamwelewa? Nani atamwambia "nipo, mama", naye akatulia?

Kwa maoni yetu, hapo ndipo wajibu unapoanza. Deni si la asili wala la taifa. Ni la mtu kwa mtu: aliyekulea asije akawa mgeni mbele yako. Na ambaye wazazi wake wameshatangulia mbele ya haki hadaiwi kitu, lakini urithi wake bado upo, na hana haja ya kumwomba mtu ruhusa ya kuuchukua.

Wala asidhani amechelewa. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi kuhusu wanafunzi waliosikia Kihispania utotoni bila ya kukisema. Walipokisoma ukubwani, matamshi yao yaliwashinda wenzao walioanza bila ya kuwahi kukisikia, ingawa katika sarufi walikuwa sawa nao. Basi sikio huweka akiba. Ngeli ndizo zitakazohitaji jasho.

Limebaki la kwetu sisi tunaosema. Mtu mzima akisema "kitabu yangu" tukaangua kicheko, au tukageukia Kiingereza kumrahisishia, tumemfungia mlango aliokuwa akiubisha. Anayerudi ameshakubali kuwa mtoto mbele ya watu, na hilo si jambo jepesi kwa mtu mwenye cheo na ndevu. Tumsahihishe kwa upole, kisha tuendelee na mazungumzo. Deni la lugha lina pande mbili: yeye ana wajibu wa kuuliza, na sisi tuna wajibu wa kumjibu kwa Kiswahili.